Kipanya cha Mama Vidole

Wiki moja baada ya maziko, ofisi alikokuwa akifanya kazi mke wangu ilileta katoni ya vitu vyake. Ilikuwa nyepesi mno kwa miaka ishirini na sita ya kazi. Ndani mlikuwa na mtandio wa kijivu, kikombe kilichokatika mkono, miwani ya akiba, kipande cha mbao nilichomchongea mwenyewe, na kipanya cha kompyuta kilichozungushiwa waya wake na kufungwa kwa mpira, kama kitu kilichotoka dukani jana.

Dada yangu, aliyekuwa akinisaidia kupanga vitu, alikishika akacheka huku machozi yanamtoka. "Wifi yangu na huyu mdudu wake," alisema. "Miaka yote hiyo hakumpa hata kazi ya siku moja."

Alikosea. Kipanya kile kilifanya kazi siku tisa. Siku hizo tisa ndizo nataka kuzieleza, maana watu waliosimama kumsifu mke wangu siku ya mazishi walisema alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, na ni kweli, lakini hakuna aliyesema lile jambo lililomgharimu. Mimi mumewe nililijua, na sikusimama.

Mke wangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kusajili vizazi na vifo. Mtu akizaliwa, karatasi yake ilipita mikononi mwake. Akifa, vilevile. Ofisini walimwita Mama Vidole, na jina hilo lilitoka nje ya ofisi likafika sokoni hadi kanisani. Alijifunza kazi zamani, kwenye mashine za chapa za chuma, chini ya mwalimu aliyekuwa akiwafunika mikono kwa taulo wasione herufi. Ukichungulia, unapigwa rula. Kwa hiyo kompyuta zilipokuja, vidole vyake vilikuwa vimeshajua njia, kama mtu anayetembea chumbani kwake taa imezimika.

Kilichomshinda kukipenda ni kipanya. Wenzake waliona ndicho kitu kizuri kuliko vyote. Unakisukuma, mshale unatembea kwenye skrini, unagusa picha, mambo yanafunguka. Yeye alikifunga kwa mpira akakiweka kwenye droo, chini ya mtandio. Kila walichofanya wenzake kwa kusukuma na kugusa, yeye alikifanya kwa vitufe. Ctrl na C, maneno yamenakiliwa. Ctrl na V, yamebandikwa. Tab, amehamia kisanduku kinachofuata. Ctrl na P, karatasi inatoka kwenye printa. Ctrl na S ya kuhifadhi kazi aliibonyeza mwisho wa kila mstari, kama mtu anayesema amina.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asitumie vyote viwili. Mimi ni seremala. Nina msumeno wa mkono na wa umeme, na kila mmoja una siku yake. Aliniambia kwamba mkono ukiondoka kwenda kutafuta kipanya, akili nayo inaondoka mezani kwenda kuusindikiza, na kurudi kwake hakuna uhakika. Halafu akaniuliza kama nikiwa napiga msumari huwa naweka nyundo chini kila mara nione kama msumari bado upo.

Mambo hayo yaliingia hadi kanisani. Mahubiri yakirefuka alininong'oneza, "Alt na F4." Ndivyo vitufe vinavyofunga kila kitu. Mimi nikiwa mzee wa kanisa, nimekaa benchi la mbele na uso wa heshima, nililazimika kukohoa ili nisicheke. Sasa mahubiri yakirefuka nakohoa bila sababu.

Miaka minane kabla hajafa, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kidogo, chai inacheza kikombeni. Kisha ikawa hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake, nikawa namfungia mimi kila asubuhi kabla sijaenda karakana. Daktari alisema ni mishipa, haitamuua, ila haitaondoka pia. Tulimshukuru Mungu kwa ile nusu ya kwanza.

Lakini kwenye vitufe aliweza. Nilimchongea kipande cha mbao laini, urefu wa kibodi, nikakilazia sponji na kukivisha kitambaa. Akilaza viganja pale, mkono ulitulia, na vidole vikashuka kwenye vitufe kimoja kimoja. Ofisini walidhani ni starehe tu ya mtu mzima. Hakumwambia yeyote. Nilipomwambia awaeleze, alisema, "Wakijua, kuanzia siku hiyo watakuwa wanautazama mkono. Mimi hawataniona tena." Kazi ile haikuwa mshahara tu kwake. Alikuwa akisema kuna watu ambao jina lao linaandikwa vizuri mara mbili tu duniani, na mara zote mbili ni yeye anayeandika. Kuikosa aliogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi akaja mkuu mpya wa ofisi. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa dhamiri safi. Alikuwa kijana, nadhifu, mwenye haraka ya kuona mambo yanabadilika. Alileta programu mpya yenye picha za kubonyeza, akahamisha vitabu vya zamani vya usajili kwenda kwenye ghala la mbali baada ya kurasa zake zote kupigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Kila mwaka ulikuwa na folda yake. Mtu akija kuomba cheti cha zamani, wapiga chapa walifungua folda ya mwaka ule, wakaangalia picha ya ukurasa, wakaandika.

Alipopita mezani kwa mke wangu akaona hakuna kipanya, akauliza kiko wapi. Kikatolewa kwenye droo na mpira wake. Wenzake walicheka. Mkuu alisema kwa upole, "Mama, programu hii imetengenezwa kwa kipanya. Tusiwe na mtu anayebaki nyuma." Mke wangu angeweza kumwonyesha palepale kwamba Tab na Enter zinafika kila mahali hata kwenye programu ile, alikuwa ameshajaribu. Lakini alikuwa mtu wa kutii wakubwa, na kubishana kungeleta maswali, na maswali yangefika kwenye mkono. Akakichomeka.

Siku nane alihangaika nacho. Alikuja nyumbani kachoka kama aliyelima. Mshale, alisema, ulikuwa unarukaruka kwenye skrini kama panzi. Alikuwa anaushikilia mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, chini ya mtandio, watu wasione. Akitaka kugusa mara moja unagusa mara mbili. Nilimcheka kidogo nikidhani namtia moyo, nikamwambia panya wa nyumbani tumewashinda, huyu mmoja wa ofisini asitushinde. Hakucheka.

Siku ya tisa, zikiwa zimebaki dakika chache ofisi kufungwa, alishika folda ya mwaka mmoja wa zamani aifungue. Kidole kikaganda kwenye kipanya, mkono ukatikisika, na folda ikaburutika. Aliona kitu kinapita kwenye skrini na kupotea. Folda haikuwepo tena kwenye orodha. Mlinzi alikuwa anagonga funguo mlangoni, wenzake wamebeba mikoba. Mke wangu alijua dawa yake: Ctrl na Z, ile inayorudisha jambo la mwisho ulilofanya. Vidole viwili tu. Lakini alishtuka, na katika kushtuka mkono ulitetemeka hadharani, na yule binti wa meza ya jirani alikuwa anageuka kumuaga. Akauficha mkono chini ya mtandio, akazima kompyuta kwa ule mwingine, akaondoka. Mashine ikishazimwa, ile Ctrl na Z haina kumbukumbu tena.

Alinieleza jioni hiyo, tumekaa jikoni. Sasa ndipo linapokuja langu.

Nilimwambia anyamaze. Mimi, mzee wa kanisa, niliyekuwa nafundisha vijana wa ubatizo kila Jumamosi. Nilimwambia pengine siye yeye, kompyuta zina mambo yake, asijipeleke mwenyewe kwenye mdomo wa simba. Nilisema hivyo kwa kumpenda, na kwa woga. Alinitazama, akaosha vikombe, akalala.

Kesho yake asubuhi mama mmoja mjane alifika dirishani kwa mara ya tatu. Alihitaji cheti cha mumewe aliyefariki mwaka uleule wa ile folda. Folda ikatafutwa kwa macho kwenye orodha, haipo. Wakaangalia kwenye kapu la taka la kompyuta, haipo. Ikaonekana kwamba mtu wa mwisho kuandikishwa kufanya kazi kwenye mwaka ule ni binti wa meza ya jirani, ambaye mke wangu alimwita Jirani tu, na ambaye hakuwa na hata mwaka mmoja kazini. Mkuu akahitimisha kwamba ameifuta. Akamwagiza akae nyumbani kuanzia kesho hadi fundi wa kompyuta atakapokuja wiki inayofuata, na akakataza mtu yeyote asiguse kumbukumbu za zamani. Yule binti hakujitetea sana. Alilia akapanga kalamu zake.

Mke wangu alirudi nyumbani hakuvua hata viatu. Nilimwambia, na hili pia ni langu, kwamba folda haikufutwa, imeburutwa tu, basi asubiri marufuku iishe aitafute airudishe kimyakimya. Mwisho mwema, hakuna aliyeumia.

"Na Jirani?" aliuliza.

"Ikionekana, atarudi."

"Atarudi na doa. Kila kitu kikipotea watamwangalia yeye." Alivuta kiti akakaa. "Baba, nimeandika vyeti vya watu maisha yangu yote. Sijaandika cha uongo hata kimoja. Sasa nimwandikie mtoto wa mwenzangu?"

"Watakutoa," nilisema.

"Watanitoa. Wewe niombee tu, maana kunishauri umeshindwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu kwamba chumvi imekwisha. Usiku ule nilipiga magoti, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikupata maneno mazuri ya sala. Nilisema tu, Mungu, huyu ananishinda.

Asubuhi nilimfungia vifungo vya blauzi na nikamwambia siendi karakana, namsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la wateja, kando ya yule mama mjane, ambaye alikuwa amekuja tena kwa mara ya nne na mfuko wake wa plastiki wenye karatasi. Kupitia dirishani niliona yote.

Hakuomba kwenda ofisini kwa mkuu. Alimsubiri apite katikati ya meza, mbele ya wapiga chapa wote watano, akasimama. Jirani naye alikuwepo, amekuja kukabidhi ufunguo wa kabati lake.

"Mkuu, ile folda haikufutwa," alisema. "Imeburutwa. Niliiburuta mimi." Akatoa mkono wa kulia chini ya mtandio akaunyoosha hewani, akauacha ucheze, wote wauone. "Huu ndio ulioiburuta. Una miaka miwili hivi. Kwenye vitufe unatulia, kwenye kipanya hautulii. Nilificha. Juzi jioni ningeweza kurudisha kwa vidole viwili, nikaona aibu nikazima mashine. Binti huyu hakugusa kitu."

Jirani alikuwa ameziba mdomo.

Mkuu aliuangalia ule mkono, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: akaacha kuuangalia. Akamtazama usoni. Akauliza, "Unaweza kuipata?"

"Ukiniruhusu niguse. Na ukiniruhusu kutotumia hiki." Akachomoa kipanya, akazungusha waya, akauliza mpira wake uko wapi. Mtu mmoja akauokota sakafuni.

Akalaza viganja kwenye ile mbao yangu. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, orodha ya mafolda ikafunguka. Ctrl na F, mahali pa kutafutia pakafunguka. Akaandika mwaka, akagonga Enter. Mashine ilifikiri. Folda ikatokea, imelala ndani ya folda ya mwaka unaofuata, kama mtoto aliyelala kwa jirani bila kuaga. Ctrl na X, akaikata. Akarudi nyuma kwenye orodha. Ctrl na V, ikakaa mahali pake. Haikuchukua dakika mbili. Halafu, bila kuinuka, aliita dirishani, "Mama, lete karatasi zako." Yule mjane aliinuka kando yangu.

Mkuu alimwita ofisini baadaye. Alimwambia kwamba kuficha kulikuwa kosa, na barua itaandikwa kwenye faili lake. Mke wangu alikubali. Alisema barua hiyo angeichapa mwenyewe kama wangetaka isiwe na makosa. Mkuu akacheka, na hapo mambo yakalegea. Barua iliandikwa kweli. Lakini hakutolewa. Aliruhusiwa kufanya kazi kwa vitufe, na baada ya mwezi mkuu mwenyewe alikuja na daftari mezani kwake kuandika vitufe vile vya njia ya mkato, maana naye alikuwa amechoka kuumwa kifundo cha mkono kwa kusukuma kipanya kutwa.

Je, walikuwa wanautazama mkono, kama alivyoogopa? Ndiyo, wengine. Aliniambia wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Kuna aliyemsogezea kikombe kama mgonjwa, akamrudishia. Kuna aliyesema nyuma yake kwamba wazee wapumzike. Sitaki kusema yote yaliisha vizuri. Ila mtandio alianza kuuvaa mabegani, mahali pake.

Aliwafundisha wengi, na somo lake la kwanza halikuwa kunakili wala kubandika. Lilikuwa Ctrl na Z. Aliwaambia, "Kosa bichi linarudishwa kwa vidole viwili. Likilala, linataka miguu yako ikapeleke mdomo wako kwa mkubwa." Mimi nililichukua neno hilo nikalitumia kwa vijana wa ubatizo, bila kusema lilitoka kwa nani wala ni nani aliyekosea kushauri. Leo nimesema.

Alikufa kwa homa ya mapafu, siku sita tu, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Siku ya mwisho ulitulia kabla yeye hajatulia. Mungu aliyempa ndiye anajua kwa nini, na siku moja nitauliza.

Jana nilikwenda kuchukua cheti chake cha kifo. Nilibeba kile kipanya, maana ni mali ya ofisi na yeye asingelala kwa amani kikibaki kwenye kabati letu. Dirishani alikuwa Jirani. Sasa ni mama wa watoto wawili na ndiye msimamizi wa wapiga chapa. Aliponiona alisimama, akanipa mkono kwa mikono miwili, "Baba, pole tena," akakaa kuandika.

Nilimtajia jina la marehemu herufi kwa herufi ingawa alilijua. Tarehe. Umri. Alikuwa anahama kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa Tab, sikusikia mlio mwingine. Alipofika kwenye kazi ya marehemu alisita, akaniuliza niseme mwenyewe. Nikasema mpiga chapa. Akaandika. Alikosea herufi moja, akabonyeza vidole viwili, ikarudi, akaandika upya. Kisha Ctrl na S, na midomo yake ikatikisika kidogo. Nilijua alikuwa anasema amina.

Nilimpa kipanya. Alikipokea, akaukagua ule mpira kama bado una nguvu, akafungua droo ya ile meza ya zamani, ambayo sasa ni yake, akakiweka chini kabisa. Nikatoa mfukoni kipande cha mbao. Kitambaa kimechakaa mahali viganja vyake vilipokuwa vikilala, mashimo mawili ya mviringo.

"Hiki si cha ofisi," nilimwambia. "Nilikichonga mimi. Ukipenda nitakubadilishia kitambaa."

Alikilaza mbele ya kibodi, akaweka viganja vyake mlemle kwenye mashimo. Vilikaa.

"Usibadilishe, baba," alisema, na akamwita mtu aliyefuata kwenye benchi.